Shawa mbili au zaidi kwa maji ya mfereji, Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara, kaunta na saiti, kutoka kwa watu wa Barani, Muyeye, Ngala mpaka nyumba za Casuarina. Majibu yamelengwa nyumba za Malindi na jirani zake. Wa Lamu wana swali lao karibu na mwisho, kwa sababu nyumba zao za kale zina mambo yake.

## Mambo ya msingi

Laini moja ya mfereji inaweza kuendesha shawa mbili kwa wakati mmoja?

Inaweza, ikiwa maji yanayoingia kwa dakika yanatosha shawa zote mbili. Shawa ya kawaida hutoa lita 8 hadi 12 kwa dakika. Zile pana za mtindo wa mvua hufika 15 na kupita. Basi shawa mbili za kawaida zinataka lita 16 hadi 24 kila dakika, na hapo hujahesabu jikoni wala choo.

Kwa Malindi, hesabu hiyo ni nusu tu ya habari. Maji yetu hutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na Baricho hiyo hiyo inalisha Kilifi na Mombasa pia. Yakifika mtaani kwenu, presha yake inategemea saa, mwinuko wa kiwanja, na majirani wangapi wamefungua. Saa tisa usiku mfereji unafoka, saa moja asubuhi unatoa uzi, na siku ya mgao hautoi kitu. Kwa hiyo ushauri wetu kwa karibu kila nyumba ni ule ule: mfereji ujaze tangi, shawa zipate maji kutoka tangini. Shawa iliyounganishwa moja kwa moja na mfereji itakufurahisha wiki mbili, halafu itakuacha na sabuni machoni.

Nitajuaje laini yangu inatoa maji kiasi gani?

Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Fungua mpaka mwisho mfereji ulio karibu zaidi na mita, mingine yote ikiwa imefungwa. Ndoo ikijaa kwa dakika moja, una lita 20 kwa dakika. Ikichukua mbili, una 10. Ikichukua nne, una 5, na hiyo haitoshi hata shawa moja ya maana.

Pima alfajiri, pima saa moja asubuhi, pima tena kabla ya magharibi, kisha panga mambo yako kwa kipimo kidogo kuliko vyote. Baadaye rudia kipimo bafuni. Ndoo ikijaa kwa dakika moja getini na dakika tatu bafuni, usiilaumu kampuni ya maji. Shida imo ndani ya kuta zako, na maelezo yako kwenye sehemu ya mabomba hapo chini.

Huenda mita ndiyo inayobana maji?

Mara chache sana. Mita nyingi za nyumbani za milimita 15 zimeundwa kupitisha takriban mita za ujazo 2.5 kwa saa, yaani zaidi ya lita 40 kwa dakika. Angalia kwanza koki iliyo kabla ya mita. Mara nyingi mtu aliifunga nusu siku ya matengenezo akasahau. Mita yenyewe ina sili, usiifungue. Ukishuku kwamba chujio lake limejaa mchanga, iite kampuni ya maji.

Presha na wingi wa maji si kitu kimoja?

Hapana. Presha ni msukumo, wingi ni lita zinazopita kwa dakika. Ziba nusu ya mdomo wa mpira wa bustani kwa kidole: maji yataruka mbali zaidi, lakini ndoo haitajaa upesi zaidi. Shawa nzuri inataka vyote viwili. Kwa kukadiria, maji yaliyosimama mita 10 juu yako yanakupa presha ya bar 1.

## Tangi na mwinuko

Nina tangi juu ya slabu. Mbona shawa ya chini ina nguvu na ya ghorofani inachuruzika?

Hili ndilo swali linaloongoza, na jibu lake ni mwinuko. Presha ya tangi hupimwa kutoka uso wa maji hadi kichwa cha shawa, basi. Ukubwa wa tangi hauongezi chochote. Lita 5,000 na lita 500 zilizo kwenye kimo kimoja zinasukuma sawasawa.

Hebu tupige hesabu ya nyumba ya ghorofa moja. Dari iko mita 3 kutoka sakafu, kichwa cha shawa kiko mita 2, tangi limekaa juu ya slabu. Tangi likijaa, shawa ya juu ina mita 2 za maji kichwani pake, yaani bar 0.2. Likikaribia kwisha, inabaki mita 1, bar 0.1. Shawa ya chini, kwa sababu iko mita 3 chini zaidi, inapata bar 0.4 hadi 0.5 kutoka tangi lile lile. Sasa ziunganishe zote mbili na bomba moja la kushukia. Aliye chini akifungua, maji yanakimbilia kwake kwenye njia rahisi, na aliye juu anabaki anaangalia matone.

Kuna tiba mbili, na zikienda pamoja ni bora zaidi: inua tangi (swali linalofuata), na uipe shawa ya juu laini yake peke yake kutoka tangini, nene kuliko ya chini. Ukitaka kuzisawazisha bila gharama, punguza kidogo koki ya shawa ya chini. Watu hawaipendi dawa hii kwa sababu haionekani kama kazi ya fundi, lakini inasaidia.

Niinue tangi kiasi gani, na juu ya kitu gani?

Mita 2 zaidi zinabadilisha maisha. Katika mfano wa hapo juu, shawa ya ghorofani inatoka mita 1 hadi mita 3 hata tangi likiwa karibu tupu. Presha ni mara tatu, na maji yanayotoka yanaongezeka kwa zaidi ya nusu. Hakuna pampu inayokupa faida hiyo bila bili ya stima.

Ila kumbuka uzito: lita 1,000 ni tani moja, kabla ya kuhesabu tangi lenyewe. Paa la makuti halibebi tangi kabisa, liwe dogo namna gani, kwa hiyo mwenye nyumba ya makuti ajenge mnara kando. Mnara wa vyuma ni wa haraka, lakini upepo wa bahari unautafuna. Ukiwa karibu na ufuo, kagua miguu yake na maungio kila mwaka na upake rangi ya kuzuia kutu kabla kutu haijaonekana. Mnara wa zege unagharimu zaidi mwanzoni, na ndio tunaoupendekeza kwa nyumba zilizo upande wa bahari.

Tangi la lita ngapi linatosha?

Shawa ya dakika 5 kwa lita 8 kwa dakika ni lita 40. Watu sita wakioga mara mbili kwa siku, kama joto la kaskazi linavyotaka, ni lita 480. Ongeza kupika, kufua, udhu na choo, ukadirie lita 1,000 kwa siku. Zidisha kwa siku ambazo mfereji wenu huwa mkavu. Mpango unaofanya kazi vizuri ni tangi kubwa chini linalojazwa na mfereji wakati wowote maji yakija, hata usiku wa manane, na tangi la lita 1,000 juu linalojazwa kwa pampu kutoka lile la chini. Yote mawili yafunikwe vizuri, mbu asipate pa kutagia.

## Mabomba

Bomba la inchi ngapi kwa shawa mbili?

Kutoka tangini mpaka pale njia zinapogawanyika, inchi moja. Kutoka hapo hadi kila bafu, robo tatu. Nusu inchi ibaki kwa kipande cha mwisho kinachopanda kwenye shawa. Ukipitisha maji maradufu kwa dakika kwenye bomba lile lile, presha inayopotea njiani kwa msuguano huwa karibu mara nne. Ndiyo sababu shawa moja inaridhisha, na mbili kwenye laini hiyo hiyo zinakuwa ugomvi wa familia.

Jihadhari dukani: mabomba ya PPR (ya plastiki, yanayoungwa kwa kuchomewa) huitwa kwa kipimo cha nje. PPR ya milimita 20, lile la unene wa kawaida wa maji moto, lina tundu la kama milimita 13 tu. La 25 lina tundu la 16 na nusu hivi, la 32 lina 21. Mtu anayesema “nimeweka ya 20” akidhani ni robo tatu, kwa kweli ameweka nusu inchi.

Mtu akivuta choo au akifungua jikoni, shawa yangu inakata. Tufanyeje?

Shawa, choo na jikoni vimepangwa mmoja nyuma ya mwingine kwenye laini moja. Tenganisha: karibu na tangi weka kigawanyo cha inchi moja chenye matawi, kila bafu tawi lake na koki yake, jikoni tawi lake. Mbali na kutuliza presha, siku shawa moja ikivuja hutahitaji kufunga maji nyumba nzima.

Kama kuta zimeshapigwa vigae na hutaki kuvunja, punguza koki ndogo ya choo ili kijae polepole. Choo kinaweza kungoja.

Mabomba ni mapya na makubwa, bado maji madogo. Kwa nini?

Tumekata elbo za PPR zilizofungwa vizuri kwa nje, ndani tukakuta pete ya plastiki iliyoyeyuka imeziba zaidi ya nusu ya tundu. Fundi aliiacha kwenye mashine ya kuchomea kupita muda wake, kisha akaisukuma kwa nguvu. Elbo moja ya namna hiyo inatosha kuua shawa. Mwambie fundi akate kiungo kimoja cha majaribio mbele yako kabla hajaanza kazi.

Vingine vya kuangalia: koki ya tangi yenye tundu jembamba (chagua zile ambazo zikifunguliwa tundu lake ni sawa na bomba), vichungi vidogo nyuma ya kichwa cha shawa, na idadi ya kona. Kona tatu zisizo na lazima si mapambo.

Baada ya mgao maji yakirudi, shawa inakohoa, inatema hewa au haitoi kabisa.

Tangi lilikauka, hewa ikaingia, ikakwama mahali ambapo bomba limepanda halafu likashuka. Fungua mifereji ya chini yote mpaka hewa itoke, ndipo upande juu. Likijirudia kila mgao, weka bomba la kupumulia: linachomoza kutoka laini ya kushukia na kupanda juu ya tangi, mdomo wazi lakini umefunikwa kwa wavu. Na maji ya kwanza yakija na rangi ya udongo, yamwage kwa mfereji wa bustani kabla hujafungua koki ya tangi.

## Pampu

Naweza kufunga pampu moja kwa moja kwenye laini ya mfereji?

Usifanye. Tunajua jirani amefanya, na tunajua inafanya kazi, mpaka siku inapokuletea balaa. Pampu ikivuta kwenye bomba la mtaa lenye maji kidogo, inatengeneza mvuto ndani yake. Kila ufa ulioko njiani unaanza kunyonya kilichoko nje, na huku kwetu bomba hupita karibu na mashimo ya choo. Uchafu huo utauoga wewe na utaunywa wewe. Juu ya hayo unamnyang'anya jirani maji, na kampuni za maji hukataza jambo hili na zinaweza kukukatia.

Pampu iwe baada ya tangi. Mfereji uingie tangini kwa floti (valvu yenye boya inayofunga maji tangi likijaa), mdomo wake ukiwa juu ya maji, kisha pampu ivute kutoka tangini.

Pampu ya ukubwa gani kwa shawa mbili?

Ndogo ya HP 0.5 yenye swichi ya presha (inayoiwasha presha ikishuka) inatosha nyumba nyingi. Usidanganyike na maandishi ya kibao. Kikiandika lita 35 kwa dakika na mita 35, hivyo viwili havipatikani pamoja: lita 35 ni pale isiposukuma juu, mita 35 ni pale isipotoa tone. Katikati, kwenye mita 15, tegemea kama lita 20. Shawa mbili za lita 8 zinaingia, za mtindo wa mvua haziingii.

Lakini kabla ya kununua, rudi kwenye mwinuko na mabomba. Pampu kubwa kwenye bomba jembamba ni kelele tu. Na kama shawa iko karibu kimo kimoja na tangi, usichukue pampu inayowashwa na mwendo wa maji. Maji hayatatembea vya kutosha kuiamsha, kwa hiyo chukua ya swichi ya presha.

Pampu inawaka na kuzima kila sekunde chache.

Mtungi wa presha (ule ulioungwa na pampu, wenye hewa na maji ndani) umepoteza hewa, au kuna mfereji unaovuja. Zima pampu, toa maji yote, kisha pima hewa ya mtungi kwa geji ya tairi. Iwe bar 0.2 chini ya presha ambayo pampu huwaka: ikiwaka kwa bar 1.4, mtungi uwe na 1.2.

Stima ikipotea tutaoga vipi?

Weka njia ya pembeni inayoizunguka pampu, yenye valvu ya kuzuia maji kurudi. Pampu ikilala, maji ya tangi yanashuka yenyewe.

## Maji moto

Naweza kuweka shawa mbili za umeme, zile za kupasha maji papo hapo?

Upande wa maji hazina shida, zinataka maji kidogo. Upande wa umeme ndiko kwenye kazi. Shawa ya kilowati 5 kwa volti 240 inakula karibu ampea 21. Mbili pamoja ni 42, na hapo friji, pasi na kiyoyozi havijaguswa. Kila moja iwe na waya wake mnene kutoka kwenye bodi, breka yake, na arthi ya kweli. Kazi hii mpe fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya), hata kama binamu yako anajua kuunga nyaya.

Ila jiulize kama unazihitaji. Kilowati 5 zinapasha lita 7 kwa dakika kutoka nyuzi 28 hadi 38. Mtu wa Limuru, maji yake yakiwa nyuzi 15, anapata kama lita 3 kwa kazi hiyo hiyo. Hapa Malindi tangi jeusi juani limeshafanya nusu ya kazi kabla ya alasiri. Moja, kwenye bafu la wazee au watoto, kwa asubuhi za kusi, inatosha nyumba nyingi.

Tuko wawili tunaoga, maji yangu yanageuka moto au baridi ghafla.

Maji moto na baridi yanatoka sehemu zenye presha tofauti. Kosa la kawaida: baridi inapitia pampu, moto unashuka kutoka sola kwa uzito wake tu. Penye nguvu panasukuma pale dhaifu, hadi maji baridi yanarudi kwenye bomba la moto. Vyote viwili vitoke tangi moja kwa presha moja.

Basi nipitishe pampu kwenye hita ya sola pia?

Soma kibao chake kwanza. Hita nyingi za mirija ya kioo zimetengenezwa kulishwa na tangi dogo la juu bila presha. Ukizisukumia pampu, tangi lake la ndani linapasuka. Hapo lipe hita laini ya tangi, usawazishe kwa kuinua tangi, na uache pampu kando.

## Hali za pekee

Kisima chetu kina chumvi kidogo. Tukitumie kwa shawa ili kuokoa ya mfereji?

Wengi wanafanya hivyo, na mwili hauna neno. Vyuma ndivyo vinavyolalamika. Shawa ya umeme ya kawaida haidumu, tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya maji ya chumvi. Laini ya kisima isiungane popote na ya mfereji, hata kwa koki “iliyofungwa daima”. Miezi ya kiangazi, kabla ya masika, tegemea chumvi kuzidi.

Kichwa cha shawa kinatoa mishale ya upande upande, matundu mengine yameziba.

Chokaa. Ardhi yetu ni ya matumbawe na maji ya visima yana chokaa tele. Kifungue, kizamishe kwenye siki usiku kucha, asubuhi sugua kwa mswaki wa zamani. Utaona maganda meupe yakidondoka kwenye sinki. Ukinunua kipya, chagua chenye matundu ya mpira laini unaoweza kuyasugua kwa kidole. Kama tangi halifiki mita 3 juu ya shawa, chukua kichwa kidogo: kile kipana cha sentimita 25 kitakunyeshea manyunyu.

Nyumba ni ya wageni, bafu nne, na Desemba zote zinafunguliwa pamoja wakitoka ufuoni.

Usipange kwa wastani, panga kwa saa hiyo moja. Bafu nne kwa lita 8 ni 32 kwa dakika: laini ya inchi moja na robo kutoka tangini, pampu kubwa zaidi au mbili zinazosaidiana, na tangi la juu lisilopungua lita 2,000. Lililo rahisi kuliko yote ni kuweka vichwa vya lita 6 hadi 8. Mgeni hatambui tofauti ikiwa presha ni nzuri. Na kumbuka shimo la maji machafu, kwani yote yaliyoingia yatatoka. Maji ya shawa yapewe shimo lake la kunyonya, mbali na kisima.

Nyumba yetu ni ya kale, Lamu. Haya yanatufaa?

Kwa sehemu. Dari ya boriti, mawe na chokaa haikujengwa kubeba tani moja katikati. Tangi likae juu ya makutano ya kuta nene, liwe dogo, na kabla ya kuweka kitu kinachoonekana kutoka nje katika mji wa kale, zungumza na watu wa uhifadhi wa Makumbusho ya Taifa. Bomba lipite nje ya ukuta au kwenye nafasi ya zamani, maana ukilichimbia ndani ya ukuta wa chokaa, siku likivuja utajua baada ya plasta kuanguka.

Maji ya mji wa Lamu hutegemea visima vya vilima vya mchanga wa Shela, na vikivutwa kupita kiasi maji ya bahari yanaingia. Kwa hiyo vichwa vya lita 6, na birika la bafuni, lile tangi dogo la kujengwa, lisivunjwe. Kata moja ya kuchotea maji birikani inamaliza udhu bila pampu kuwaka, na visamaki vyake vinaendelea kula viluwiluwi vya mbu.

Nataka shawa ya tatu nje, ya kuosha mchanga wa ufuoni. Itapunguza zile za ndani?

Ikitoka kwenye laini ile ile, ndiyo, tena zaidi ya zote kwa sababu iko chini kabisa. Ipe maji ya kisima kama unacho, kwa laini yake. Kama huna, ipe laini yake ya nusu inchi kutoka tangi la juu na koki ya kubonyeza inayojifunga yenyewe, maana watoto wakitoka baharini hawafungi.